Ndoo ya Buluu ya Baba Yetu

Baba yetu, fundi wa sakafu za terazo, zile za chembe za mawe zinazosuguliwa hadi zing'ae, aliyezoeleka kwa jina la Mzee Kioo, alizaliwa tarehe 4 Juni 1959, mtoto wa tatu wa mshona viatu. Alisoma hadi darasa la saba, kisha akajifunza ufundi kwa mjomba wake.

Mwaka 1984 alimwoa mama yetu, mpishi wa shule. Siku ya posa alikaa akitazama sakafu. Babu, baba yake Mama, akamuuliza, "Umekuja kuoa au kukagua nyumba?" Akajibu, "Vyote, mzee. Pale mlangoni pamepasuka."

Kazi yake kubwa ilikuwa sakafu ya jumba jeupe la makumbusho. Mafundi waliomba vitambaa vya kuzibia pua wasivute vumbi, wakaambiwa vinakuja. Havikuja. Siku ya kupiga picha za kitabu kikubwa cha majengo ya kisasa ya dunia nzima, wote walitolewa nje ili ukumbi uonekane safi. Baba akasahau ndani ndoo yake ya buluu.

Kitabu kilipotoka, kizito kama tofali, ndoo ya buluu ilikuwemo, kando ya nguzo. Kila mgeni wetu alifunguliwa ukurasa ule.

"Mwenye ndoo ndiye mimi."

"Na chai yako inapoa, mwenye ndoo," Mama alimwambia.

Baadaye kifua kikaanza. Daktari alisema mapafu yamejaa vumbi la mawe. Februari mwaka huu msimamizi wake wa zamani, siku hizi mkurugenzi wa kampuni iliyojenga jumba lile, alimletea hospitalini toleo jipya la kitabu. Baba akatafuta ukurasa wake. Ndoo ilikuwa imefutwa.

"Unaona, mzee? Sasa pamependeza," alisema yule bwana.

Baba akageukia ukutani. Kitinda mimba wake, anayewasomea haya, alikuwa ameshika kopo la makohozi ya Baba. Kopo lile halikumtia kichefuchefu. Kitabu ndicho kilichomtia.

Baba alifariki tarehe 9 Machi asubuhi, Mama akiwa amemshika mkono. Jana kampuni ilileta kitabu kingine, eti kiwekwe juu ya jeneza kipigwe picha. Tumekirudisha na karatasi yake ya zawadi.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano, mdogo wao bado ananyonya. Udongo wa kwanza utamwagwa kwa ndoo ile ile ya buluu, kisha ndoo itakaa kichwani pa kaburi lake. Wapiga picha, tunawaomba isisogezwe.

Mwenye ndoo apumzike sasa, kifua kikiwa chepesi.