Bi Dakapo na Mkono Uliobaki Wazi

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kidogo kelele hapo mlipo. Leo tunamkumbuka mwalimu wa kwaya. Wengi mlimjua kwa jina la utani, Bi Dakapo. Bi Dakapo hatunaye tena.

Jina hilo walimpa wanakwaya wake. Da capo ni Kiitaliano, maana yake rudi mwanzo. Mtu akikosea noti moja tu, mama anagonga meza kwa rula: "Da capo!" Wimbo mzima unaanza upya, na watu wana njaa zao. Walimnung'unikia kweli. Wiki inayofuata, hao hapo.

Lakini neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa fermata. Fermata ni shikilia. Mwalimu ananyoosha mkono, kiganja wazi, na hakuna ruhusa ya kuiachia sauti mpaka yeye afunge ngumi. Uishiwe pumzi, shauri yako.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Watoto wakipiga makelele, yeye: "Piano!" Yaani sauti ndogo. Kifungua mimba wake, binti ambaye sasa ni fundi cherehani, alichoka mapema. "Mama, sisi si kwaya yako," alimwambia siku moja. Akaupa muziki kisogo. Mazoezini hakukanyaga.

Mwaka huu kiharusi kilimwangusha mama jikoni. Kikamnyang'anya maneno yote, hata jina la binti yake. Yakabaki yale ya Kiitaliano. Narudia, wasikilizaji: mama huyu hakuweza kuomba maji, ila maumivu yakipanda aliweza kusema "forte", yaani kwa nguvu.

Binti alifunga cherehani, akahamia kando ya kitanda cha hospitali.

"Nilikuwa namwambia, Mama, niite hata mara moja tu," anasema. "Ananitazama, machozi yanamtoka. Ananijua. Jina ndiyo haliji."

Alasiri ya mwisho mama alinyoosha mkono, kiganja wazi. "Fermata," akasema. Binti akamletea maji. "Fermata." Akamgeuzia mto. "Fermata." Akafungua dirisha. Basi akatoka mbio kumtafuta mwimbaji wa besi wa ile kwaya, fundi bomba mwenye kazi mtaa wa pili. Akamkuta kalala chini ya sinki la watu.

"Kaka, fermata ndiyo nini?"

"Ni shikilia, dada. Usiachie mpaka mwalimu afunge mkono. Kwani nani kasema?"

Binti alikuwa ameshageuka. Walikimbia wote wawili, fundi na spana yake mkononi. Walipofika, nesi alikuwa ameshamfunika mama shuka. Mkono mmoja ulibaki nje, kiganja bado wazi.

"Alitaka nimshike mkono tu," binti anatuambia. "Jambo dogo hilo. Mimi nikaenda kuuliza."

Wasikilizaji, tulitafuta neno la kumpoza hapa studio. Hatukulipata, na tusiwadanganye kwamba lipo.

Makaburini kwaya iliimba. Noti ya mwisho ilikuwa na fermata. Wakaishikilia, macho yakitafuta mkono wa kuwafungia, na mkono wenyewe umo ndani ya jeneza. Wakamtazama binti. Hakuinua mkono. Sauti ya kwanza wakaishiwa pumzi. Kisha sauti ya pili. Akabaki fundi bomba peke yake, mishipa ya shingo imemtoka, mpaka naye pumzi ikamkatikia.

Kwa binti, kwa wadogo zake na kwa wanakwaya wote, poleni sana. Msiba huu ni mzito na sisi tumeuona uzito wake. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kama leo una mgonjwa anayesema neno usilolielewa, kaa. Usiende kuuliza. Mshike mkono, maana yake utaijua baadaye.

Kwa kawaida hapa tungewapigia wimbo. Binti ametuomba tusipige.