Sista Dianah, Msimamizi Aliyekubali Kufundishwa

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo, kuanzia Diani hadi Msambweni. Leo tunamkumbuka Sista Dianah Mumbe, muuguzi msimamizi wa zahanati moja ndogo karibu na Munje. Alifariki wiki iliyopita baada ya kuugua kwa muda mfupi.

Alipofika miaka kumi na moja iliyopita alikuwa moto wa kuotea mbali. Alipanga zamu, mkunga akawapo usiku na mchana. Alibandika mabango. Alipita vijijini na kipaza sauti, akiwahimiza kina mama wajifungulie zahanati. Kitanda kilitandikwa shuka safi kila asubuhi, na jioni shuka lilikuwa vilevile. Wanawake walimsikiliza, wakaitikia, "Ewaa, Sista," kisha wakazaa nyumbani. Naye, tuseme kweli, akawagombeza.

Kisha Mishi, mke wa seremala, akajifungulia nyumbani, akatokwa na damu, akafa kabla gari halijapatikana. Sista Dianah alikwenda matangani. Alikaa mkekani na wanawake siku tatu, bila bango, bila hotuba. Siku ya tatu akamwuliza Bi Khamisa, mama mkwe wa marehemu, kwa nini hawakumleta zahanati.

"Mwanangu," akajibu Bi Khamisa, "nyinyi mwatupa kondo la nyuma shimoni pamoja na taka. Kwetu sisi lazikwa uani, mtoto ajue kwao. Na mimi mama mkwe mwaniacha nje ya mlango kama mgeni. Miezi yote hii wapiga kelele. Uliwahi kuuliza?"

Maneno yale yalimchoma. Mumewe, Mzee Wambua, anakumbuka kwamba siku ile hakula. "Aliniambia, 'Baba Ngina, nimewafokea wanawake bure. Kumbe wenye uamuzi ni mama wakwe, nami sikuwahi hata kuwaamkia.'"

Kesho yake akaita kikao cha wauguzi. Mwenzake, Kaingu, alihofia kanuni za taka za hospitali. Sista akawaandikia wakubwa barua, akaandika tena, mpaka akaruhusiwa: familia ikabidhiwe kondo la nyuma kwenye ndoo yenye mfuniko, wavae glavu, walizike kwenye shimo refu, mbali na kisima. Na mama mkwe aingie ndani. Ndoo yenye mfuniko, wasikilizaji wapendwa! Jambo dogo namna hiyo.

Wa kwanza kuletwa alikuwa Muhsina, binti yake Bi Khamisa mwenyewe. Mama mtu akaketi kando ya kitanda, tasbihi mkononi. Mtoto akatoka salama. Kisha damu ikaanza kumwagika, vilevile kama ya Mishi, na Bi Khamisa alijua anachokitazama. Sista Dianah akadunga sindano, akasugua tumbo, akawaelekeza wenzake kwa sauti ya chini. Damu ikakatika.

"Nilimwona mwanangu avuta pumzi," anasema Bi Khamisa, "nikamlilia Mishi upya. Mishi naye angalipona."

Tangu siku hiyo bibi huyu hupita nyumba kwa nyumba, na penye mjamzito haondoki mpaka akubaliwe. Sista akamtia kwenye kamati ya afya, na kila kikao alianza kwa kumwambia, "Shikamoo, mama." Mashuka ya zahanati yakaanza kuchakaa.

Mzee Wambua, binti yenu Ngina, na nyinyi wauguzi aliowalea, poleni sana. Mwenyezi Mungu awape subira. Nasi tuliobaki tujiulize: kabla ya kusema watu fulani hawasikii, tumewauliza nini?

Sista Dianah alizikwa Jumamosi, shambani kwake. Kaingu hakuwapo. Bi Khamisa hakuwapo. Zahanati kulikuwa na mama wa uzazi wa kwanza, ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Alasiri Bi Khamisa akampigia simu mfiwa.

"Niwie radhi, mwanangu, sikumzika mkeo. Nilikuwa kwenye kazi yake."

"Wazima?" akauliza Mzee Wambua.

"Wazima wote wawili."

Mzee Wambua alikuwa hajatoa chozi tangu msiba uingie. Hapo ndipo alipolia.