Chakula cha Mwende

Ukitaka kujua watu wa Majengo ya Nyeri wanasema nini, usihangaike kwenda sokoni. Kaa kwenye benchi la Dawud. Lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya mawe, nje ya nyumba yake ya mabati, na miaka ile ya hali ya hatari, kafyu ikifunga mji kabla giza halijaingia vizuri, watu walikuja mapema na kusema haraka. Dawud aliuza kahawa ya tangawizi na kuitwa Daktari, maana kwa maneno yake mwenyewe hakuna ugonjwa ambao kahawa ile haikuutibu. Ogutu alikuwa polisi wa kawaida kutoka Gem, ila benchi lilimpandisha cheo zamani likamwita Sajini. Zabibu, muuza mandazi, aliitwa Redio, na hakuna aliyewahi kuuliza sababu. Wa nne ni Munyao, mwalimu kutoka Machakos, ambaye benchi lilimwita Mwandishi hata kabla hajaandika kitu.

Sasa alikuwa ameandika. Jioni ile alikuja amekumbatia bunda la karatasi lililofungwa kwa kamba ya katani. Ilikuwa hadithi ya watoto, na mpiga chapa mmoja wa Nairobi alikuwa amemwambia ataichapa ikimfikia kesho. Ikichelewa, mashine ina kazi nyingine. Basi linaondoka alfajiri. Wiki nzima Munyao alikuwa akiwasomea wenzake, na sasa alikuwa ametoka kuwasomea sura ya mwisho. Alitaka kusikia neno moja tu: imeiva.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya Mwende, msichana anayeogopa hata upepo. Anaingia shimo la nungunungu kando ya shamba la kwao, anatokea nchi iliyo chini ya Mlima Kenya, ambako ukungu ndio mfalme na jua halijulikani. Mbega anayesema, yule kima mweusi mwenye manyoya meupe mgongoni, anamwongoza. Mwende anavuka mto wa barafu, anaiba asali ya mfalme, anapiga baragumu, ukungu unakimbia, naye anarudi nyumbani jasiri.

— Kwanza, alisema Ogutu, huyo mtoto alikuwa na pasi?

— Pasi ya nini, Sajini? alisema Munyao. Ameingia shimo ya nungunungu!

— Hata kama ni shimo. Ametoka nchi moja ameingia ingine. Nani alimpa ruhusa?

— Wewe nawe, Zabibu akamrukia, hata kwa hadithi unataka kushika watu!

Benchi lilicheka mpaka likayumba. Munyao naye alicheka, lakini alikuwa na haraka.

— Ngojeni. Mwende anaanza akiwa mwoga, anamaliza akiwa jasiri. Mnaona mahali anaanza kubadilika? Ama nimemrusha tu kama jiwe?

— Kwa mto, alisema Ogutu. Mtu hawezi kuvuka maji ya barafu na arudi vile alikuwa. Mimi nimevuka Chania na buti za serikali, najua.

— Mto gani? alisema Zabibu. Ni pale ameiba asali! Kabla ya hapo ni kulia tu, kulia tu. Halafu anaingiza mkono kwa nyuki ya mfalme. Mtu akianza kuiba, ujue woga imeisha.

— Na mwivi akikua anakuwa jasiri? Basi jela ya Nyeri imejaa majasiri.

— Imejaa, Sajini! Ulikuwa hujui?

Dawud aliweka birika chini. Akiweka birika chini, ni kwamba ana neno.

— Nyinyi mnamtazama mtoto, na anayekua ni mbega. Anaanza mwongo, kila njia anayoonyesha ni ya uongo. Mwisho anasema kweli hata mkia wake ukaungua. Mtoto ni mzigo wake tu, kama mimi na birika hili.

Munyao alihisi mwili umemsisimka. Miaka miwili alikuwa ameishi na mbega yule na hakuwahi kuliona hilo.

— Mbega ni mtu wa kupeleka maneno, alisema Ogutu. Anajua njia zote, na hakuna mtu anajua analala wapi. Mimi nawajua hawa. Kila usiku anaenda kwa ukungu anasema kila kitu.

— Sajini, shusha sauti, alisema Dawud, na wote wakatazama huku na huku kabla ya kuendelea.

Zabibu ndiye aliyelipua benchi. Alisimama na sinia lake la mandazi.

— Hakuna mbega! Ati hamjaona? Mbega ni Mwende mwenyewe! Mmoja akikula, mwingine amelala. Hata siku moja hawajakula pamoja!

Munyao alifungua bunda haraka. Sura ya pili, mbega anakula, Mwende amelala. Sura ya tano, Mwende anakula asali, mbega amelala. Ilikuwa kweli, na yeye hakuwa amekusudia hata kidogo. Ogutu aliruka juu akamwaga kahawa kwenye suruali na hakujali.

— Haki ya Mungu! Mwandishi, wewe ni mchawi!

— Basi mimi naongeza, alisema Dawud, huyo mtoto hakuingia mlimani. Mlima ndio ulioingia ndani yake!

Walipiga kelele wote pamoja. Furaha ilimjaa Munyao. Alitaka kuwakumbatia mmoja mmoja, na Zabibu na sinia lake. Hadithi imeiva! Alianza kuifunga kamba tena.

Pembeni mwa benchi alikuwa amekaa mwanamke na kikapu kitupu cha viazi. Aliitwa Ngendo, wa kile kijiji kipya cha Ruring'u ambacho serikali ilikizungushia handaki ili watu wasitoke. Wanawake wa huko waliletwa sokoni na askari wao, na wakati wa kurudi walipuliziwa filimbi. Zabibu alikuwa amesogea kidogo ili apate nafasi, na Dawud alikuwa amempa kikombe cha mwisho cha birika. Alikuwa amesikiliza yote.

— Mwalimu, alisema Ngendo. Hiyo stori ni nzuri. Niulize kitu?

— Uliza, mama.

— Huyo mtoto akiwa huko chini, mama yake aliambiwa nini?

Katika karatasi zote zile Mwende hakuwa na mama.

— Pengine hakuambiwa kitu, alisema Munyao.

— Sawa. Na jioni, alikuwa anamuwekea chakula, ama aliacha?

Munyao alimtazama Dawud, Dawud akatazama birika lake. Ogutu alivua kofia akaishika magotini, maana kazi yake kwenye meza ya kituo ilikuwa ni hiyo, kuwaambia akina mama kwamba hakuna habari za watoto wao waliopotea.

— Nauliza tu, alisema Ngendo. Ukiweka kila siku, wale wengine wanalala njaa. Ukiacha, ni kama umesema hatarudi. Nilifikiri kitabu inajua.

Filimbi ililia upande wa soko. Ngendo alirudisha kikombe, akashukuru, akabeba kikapu chake akaenda.

Munyao aliona aibu, na chini ya aibu ile aliona uchungu ambao hakuujua asubuhi. Alifungua tena kamba, akatafuta penseli mfukoni.

— Na basi ya alfajiri? aliuliza Ogutu kwa sauti ndogo.

— Iende.

— Mwandishi, huyo mtu wa Nairobi hatakungoja.

— Najua. Zabibu, chakula ya mtu hajarudi, mnafunika na nini?

— Na sahani ingine, alisema Zabibu. Unaweka karibu na moto, isipoe.

Munyao akaandika hivyo. Kafyu ilipolia alikuwa bado anaandika, na Ogutu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafukuza watu barabarani saa hiyo, alibeba nusu ya karatasi akamsindikiza mpaka mlangoni kwake.