Ndoo ya Mzee Gathogo

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, Nakuru, upande wa reli. Wananiita Msumari, kwa sababu ya kazi na kwa sababu ya mdomo. Asubuhi hiyo jirani yangu Mzee Gathogo, fundi wa saa, alikuja na ndoo ya rangi akaiweka katikati yetu. Ndani alikuwa kambare wake, aliyeishi peke yake kwenye tangi la kioo dukani miaka sita. Sharubu mbili zimeng'olewa, mkia umetafunwa, na penye kidonda pameota utando mweupe kama pamba. Nitasema ukweli maana sijui kusema kingine: wale samaki wawili wa mistari waliomuuma nilimletea mimi, zawadi, ati asiwe mpweke. Aliyeniuzia alisema ni wapole. Sikuuliza mara ya pili.

— Hiyo ni kidonda ya kawaida, akasema Daktari. Si daktari, ni Mbugua wa Dundori, analeta maziwa mjini. — Paka mafuta ya kukamua. Ng'ombe yangu ilikatwa chuchu na waya, siku nne ikapona.

— Mafuta kwa maji, buda? nikamwambia. — Unamtibu ama unamkaanga?

— Basi chumvi.

— Kidogo sana. Kambare hana magamba, chumvi inamchoma. Maji safi, yalazwe kwanza ile dawa ya kusafishia maji ya mfereji itoke, ndoo ifunikwe atulie. Nimesoma.

— Umesoma wapi, Msumari? Kwa soli? akadakia Odongo, tunayemwita Spika kwa kuwa hanyamazi.

Nilimrushia brashi.

Gathogo hakucheka.

— Bishaneni tu. Juzi alikuwa anakula mkononi mwangu. Leo nimemwita, hata hakugeuka.

Nikawamiminia kahawa.

— Shida ni wale wawili, Daktari akaendelea. — Ng'ombe ikizoea kuumiza wengine tunaikata pembe. Wang'oe meno.

— Wewe! Wawekee kioo cha kinyozi, akasema Spika. — Wapigane na sura zao mpaka wachoke. Ama ngoja, sikia hii. Akasimama kabisa. — Toa mawe yote. Toa ile chungu kambare analala. Panga kila kitu upya. Asubuhi hakuna mtu anajua kona ni ya nani. Wote wageni! Vita imeisha!

Hiyo pia nimesoma, na wakati mwingine husaidia. Nilikuwa karibu kumsifu.

— Spika, Gathogo akasema polepole. — Mimi nilitoka Molo ule mwaka wa fujo za uchaguzi. Nyumba ilichomwa, mti wangu wa plamu ukakatwa, wakalima mpaka pale palikuwa jiko. Nifunge macho hata leo, nitakufikisha mlangoni.

Spika akakaa.

Hapo ndipo alipofika Nasimiyu, mama aliyehamia ploti ya nyuma wiki hiyo, na viatu vya kanisa mkononi. Akachungulia ndoo.

— Hamjambo wazee. Huyu ameumizwa na nani?

— Na wenzake wa tangi, nikasema. — Tumemtoa apone.

— Kwani ni yeye alikosea?

— Hapana, mama.

— Sasa mbona mmemtoa yeye, mkaacha wale?

Daktari akaangalia kikombe chake. Spika akaangalia Daktari. Mimi, mwenye mdomo, nilichukua kiatu cha mama nikageuza soli, nikageuza tena. Kupitia mlango wa duka la Gathogo tangi lilionekana vizuri. Samaki mmoja alikuwa akizunguka maji yote, taratibu. Wa pili alikuwa amelala ndani ya chungu.

Nilishika thamosi nimwongeze mzee kahawa. Ilikuwa imeisha.

Kambare akapanda, akameza hewa mara moja, akarudi chini. Gathogo akavua koti, akaifunika ndoo.