Mama Nthoki na Kiti cha Sponji

Nthoki wa Kimeu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1917 huko Mwala, Machakos, mtoto wa tatu wa Mativo na Kavata. Alizaliwa njiani, mama yake akitoka kuteka maji. Hakungoja kufikishwa nyumbani, na miaka sabini iliyofuata hakujifunza kungoja.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la tatu. Mwalimu wake alisema mtoto ana akili, ila benchi linamchoma.

Mwaka 1938 aliolewa na Kimeu, dereva, wakajaliwa watoto wawili, Kisilu na Mbeti, na mwaka 1957 wakahamia mtaa wa Mbotela, mjini. Hapo langoni pa mtaa aliuza maharagwe na kunde, hata baada ya mumewe kufariki mwaka 1969. Hakuna mteja aliyewahi kumkuta ameketi.

Oktoba 1980 alijikwaa mlangoni, akavunjika mkono. Picha zikaonyesha pia mfupa mmoja wa mgongo umebonyea. Daktari akasema mifupa imekonda kwa ndani. Jamaa wakafanya walichojua: kumheshimu. Kisilu alinunua kiti cha sponji chenye kina kama hori la ng'ombe, wakamzamisha humo miezi mitatu. Chai ikamfuata, beseni likamfuata. Kisha wakapanga kumrudisha Mwala akapumzike moja kwa moja. Mama, aliyetaka kufia kwenye maharagwe yake, alilia.

Bwana Masinde, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alipokuja kumwona alikitazama kile kiti.

"Kisilu, hiki ni kiti au umeshaanza kumzika mama?"

"Lakini mifupa yake ni kama biskuti!"

"Ndiyo maana asikae. Mfupa usio na kazi unazidi kukonda."

Akaandika kwenye kadi, kama dawa: kusimama kutoka kiti cha mbao bila kujishika, mara kumi, asubuhi na jioni; kujiinua kwa vidole vya miguu, ameshika meza; kutembea kila siku. Asiiname kunyanyua mzigo.

Kisilu hakuamini. "Mama, ukifika langoni peke yako kabla ya Pasaka, habari za Mwala zimekwisha."

"Tangu lini mtoto akampa mamake mtihani?" Lakini alikuwa ameshasimama.

Jirani Adoyo alimkuta uani akizunguka. "Mama Kisilu, nani anakufukuza?"

"Sponji!"

Tarehe 18 Aprili 1981, Jumamosi, siku moja kabla ya Pasaka, alifika langoni. Kisilu alimfuata nyuma, mikono ameitanua.

"Toa mikono, mimi si kuku."

Akauza maharagwe miaka sita mingine, Kisilu akimbebea gunia.

Mwezi uliopita alishikwa na nimonia, akalazwa. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 6 Novemba 1987, Kisilu alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda cha hospitali. "Nishike mkono," akasema, jambo ambalo hakuwahi kuliomba. Wakasimama mara nne. Ya tano akatikisa kichwa: "Leo inatosha." Alifariki saa sita mchana.

Ameacha watoto wawili, mkaza mwana Kageha, wajukuu watano, na kiti cha sponji ambacho hukaliwa na paka.

Mungu ampumzishe kwa amani. Na kama amemwekea kiti, kiwe cha mbao.