Sura Aliyobaki Nayo Mwalimu Mukashema

Mgeni rasmi, Profesa Itzel Zamarripa, karibu Batsinda. Jana ulishuka uwanja wa ndege wa Kanombe, leo umekaa kwenye benchi letu. Wengine tumekupa mkono mara mbili, kuhakikisha.

TUNAVYOKUJUA
Riwaya tisa. Miaka ishirini na sita ya kufundisha fasihi chuo kikuu huko Mexico, pamoja na utafiti mzima juu ya barua za akina mama wanaotafuta watoto wao waliopotea. Tunabaki midomo wazi. Ulilala saa ngapi?

TULIVYOKUSOMA
Tuna kosa la kuungama. Nakala ya riwaya yako ilikuwa moja, ya Kifaransa, na sisi tuko kumi na mmoja. Mama Spéciose akasema, "Hii kitabu tukiachia mutu moja, itarudi lini? Tuikate!" Tukaikata kwa kisu cha jikoni, kila mtu sura yake. Kila mwezi baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, tukishaosha majembe, mmoja anasimulia yake kwa Kiswahili, ili na majirani wetu waliotoka Goma wasipitwe.

MAFANIKIO
Audace, fundi umeme ambaye hakuwahi kumaliza kitabu, aliacha fainali ya mpira aje kusikia kama yule mama wa riwaya atampata mwanawe aliyepotea.

CHANGAMOTO
Hatujui kama alimpata. Sura ya mwisho ilimwangukia Mwalimu Mukashema, na huu ni mwezi wa saba anaahirisha zamu yake.

"Mwalimu, leo iko zamu yako?"

"Bado. Mwezi kesho."

Hatumlazimishi. Kaka yake, Évode, hajaonekana tangu mauaji ya kimbari ya 1994, na kila wanapofukua mahali walipotupwa waliouawa, Mwalimu huenda kutazama. Sura hiyo ameisoma peke yake, akaikunja, akaiweka. Inatuuma kumwona ameubeba mzigo huo peke yake.

OMBI
Hatuombi vitabu. Tunaomba utusomee sura hiyo kwa Kihispania, kama ulivyoiandika. Hatutaelewa hata neno. Mwalimu amesema, "Akianza mwenyewe, nitamufuata kwa Kiswahili."

Risala hii tumeiandika sisi kumi, kwa ruhusa yake, tukamwomba aisome. Ndiye huyu aliyesimama mbele yako. Kurasa anazo mkononi.

Mungu akutunze, Profesa, na awafikishe wote wanaotafuta watu wao, kwenu na kwetu.

Ni sisi,
Wasomaji wa Umuganda, Batsinda, Kigali.