Mzee Waya Anajiondoa Kwenye Kundi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi, Mzee Waya anastaafu. Jina hilo alipewa na makarani, kwa kuwa hakuna waya katika jengo hili la ofisi yetu ambao haukupita mikononi mwake.

Alianzia kaunta ya telegramu. Telegramu ya msiba hakuiacha kwenye sanduku la mtu. Aliipeleka mwenyewe kwa baiskeli, akapita kwanza kwa jirani, wakaingia pamoja, ili mfiwa asiisome peke yake. Hakuna bosi aliyemwagiza, na wengine walimwona anajitafutia kazi.

Intaneti ilipofika, ni yeye aliyetoboa kuta na kulaza nyaya. Meneja wa wakati huo alituma barua pepe, akapiga simu kuuliza kama imefika, kisha akamtuma tarishi apeleke nakala, maana hakutaka mchezo. Mzee hakumcheka. Alitufundisha sote kwa subira ya mwalimu wa chekechea. Telegramu ikafa, kaunta ikawa stoo ya viti vibovu. Alipofungua kundi la wafanyakazi kwenye simu, alifurahi kwamba sasa hakuna atakayechelewa kupata habari.

Naye hakuchelewa. Mwezi Machi mwaka jana, saa nne asubuhi, shemeji yake alibandika habari kwenye kundi la ukoo: mke wa Mzee, aliyekuwa amelazwa, amefariki. Aliisoma akiwa mezani. Akatuandikia kwenye kundi letu: "Mama watoto ametutoka." Tulikuwa kumi na wanane chumbani humo humo. Tulijibu wote, upesi, kwa pole na vikaragosi vya kulia. Hakuna aliyeinuka. Mzee akachukua koti lake, akatoka.

Kwa utaratibu wa ofisi, kundi ni la walio kazini tu, na msimamizi wake ni yeye. Kwa hiyo kazi ya mwisho katika orodha yake ya makabidhiano ni kujiondoa mwenyewe. Watoto wako mbali, na nyumbani hamna mtu. Sherehe ameikataa. Alisema tu, "Nitumieni neno la kwaheri kwenye simu, inatosha."

Asante, Mzee, kwa kila laini uliyotuunganishia. Tunakuombea afya na siku tulivu. Vikaragosi vyangu vilikuwa vitatu. Kutoka meza yangu hadi yako ni hatua sita. Nilizihesabu ulipokwisha kuondoka. Nisamehe.